Jiwe Lilikuwa la Nani

Hatulete, 16 Novemba 2011

Zeferino,

Salamu utazikuta chini, zikibaki. Kwanza nijibu: nani katika nyumba hii alikufundisha kukimbia? Babu yako aliishi porini akiwindwa na wanajeshi, na hata yeye hakukimbia hivyo. Yeye alijificha, na kujificha kuna heshima yake. Wewe umemrushia mtu jiwe mchana kweupe, umemwona anaanguka, ukaingia ndani ukachukua shati la Jumapili, ukapanda lori la Tomé bila hata kunywa kahawa niliyokumiminia. Kahawa ile nilimpa mbwa. Mbwa naye akaikataa.

Na usinitumie ujumbe wa simu kupitia kwa mtoto wa mwalimu. Simu hapa inashika juu makaburini tu, na kila jioni nusu ya kijiji imekalia makaburi ya watu ikitafuta mtandao. Ukisema "Bibi" huko Dili, anayeitika ni mke wa katekista. Andika. Mimi kalamu niliishika nina mvi tayari, katika darasa la akina mama, na mwandiko wangu umepinda kama njia ya mbuzi, lakini mbuzi hufika. Tomé atabeba. Nimeifunga barua kwa uzi, na fundo langu nalijua; mwambie hivyo.

Haya, habari za nyumbani. Mvua imeanza vizuri. Nguruwe mkubwa amezaa. Dada yako Lucília tumbo limeshuka, lakini simwoni. Wakwe zake hawamruhusu kuteremka kuja kwangu, na mimi siwezi kupanda kwenda kwake, maana Marito uliyempiga ni mdogo wa mumewe. Au hilo lilikutoka kichwani ulipoinama kuokota?

Nyati wa kufugwa wa Marito alivunja ua wetu akakanyaga mahindi yaliyokuwa yamechomoza urefu wa kidole. Sawa. Nani asiyejua? Kijiji kizima kiliona kwato. Ulikuwa na haki mkononi, Zeferino, ukaiweka chini ili upate nafasi ya kushika jiwe.

Marito amekwenda polisi na mjomba wake, ameandikisha malalamiko. Kisha akaja kwangu msichana mmoja wa ofisi ya upatanishi kule wilayani, Dona Natércia, amevaa suruali, amepanda pikipiki, tope mpaka kwenye nyusi. Nikampa kahawa. Akasema, "Bibi, mimi si hakimu. Siwezi kumwita mtu kwa nguvu, siwezi kumfunga, siwezi kusema nani ana haki."

Nikamwuliza, "Sasa unaweza nini?"

"Kukaa katikati."

"Hata paka wangu anakaa katikati."

Akacheka, hakukasirika, na hapo nikamsikiliza. Anasema mambo ni mawili. La ua na mahindi ni la nyumba mbili, mnaweza kulimaliza siku yoyote mkitaka wote. La jiwe liko polisi. Lakini jeraha likiwa si kubwa, kesi inasimama juu ya neno la aliyeumizwa. Akilirudisha neno lake, kesi inaanguka. Ila hakuna wa kumsukuma alirudishe, na hakuna wa kukusukuma wewe uje. Mnaketi kwa kupenda. Anayechoka anainuka anakwenda zake, na hakuna wa kumshika shati.

Mimi nilifurahi nikafanya haraka. Nilikwenda nyumba ya ukoo nikalitoa jamvi kubwa la kusuluhishia, nikalitandika. Mzee Maukoli, mwenye maneno ya ukoo, alikuwa hajaulizwa. Nyumba ya akina Marito ilikuwa haijaulizwa. Maukoli alipofika akasimama mlangoni na tambuu shavuni, akasema, "Mama Olandina, umepakua kabla ya kupika." Nikamwambia jamvi hili lilifumwa na bibi yangu, si na bibi yake. Lakini kweli imenikaa kooni. Unajua mwenyewe: jamvi likishatandikwa kwa jambo, halikunjwi mpaka jambo liishe. Sasa limelala pale wazi, hakuna aliyelikalia. Kuku ninawafukuza. Ninafagia pembeni yake.

Jicho la Marito limevimba. Linapona.

Rudi uje ukae. Salamu zimebaki kidogo: Mungu akulinde, na ule vizuri.

Bibi yako,
Olandina


Dili, 4 Desemba 2011

Bibi yangu,

Naushika mkono wako na kuubusu. Mimi mzima. Nimepata kazi ya kufyatua matofali ya saruji mtaa wa Comoro, hapahapa Dili. Nalala kwa binamu Anito, yeye na mkewe wanakusalimu sana. Joto la huku, Bibi, hata ukikaa kimya unatoka jasho. Wanakula wali asubuhi, mchana na jioni, na nimeota mahindi yako ya kuchemsha na maharage mara nyingi kuliko nilivyoota watu. Nimempa Tomé sukari na sabuni akuletee. Sabuni ni ya kuogea, usifulie.

Dada Lucília namwombea.

Kuhusu lile jambo. Jiwe lilikuwa la nyati. Nyati alisimama nyuma ya Marito na Marito akasogea. Mwambie hivyo. Na kama jicho linapona, basi sioni kwa nini watu wote hawa wakae jamvini kama msiba.

Huyo wa pikipiki ni wa serikali, Bibi, hata akicheka. Anito anasema neno nitakalolisema pale litaandikwa, na kesho yake litasomwa mbele ya hakimu kwa sauti. Mimi si mwenye maneno kama Mzee Maukoli. Nikifungua mdomo nitajifunga mwenyewe.

Labda baada ya Pasaka nitakuja. Kazi ni nyingi sasa.

Jamvi si ulikunje tu? Hakuna aliyekaa. Ni kama halikutandikwa.

Mjukuu wako,
Zeferino


Hatulete, 27 Desemba 2011

Zeferino,

Umekuwa mjomba. Lucília amejifungua mtoto wa kike wiki ya Krismasi, salama, kwa mkunga, na amepiga kelele kuliko mama yake. Sijamwona. Nimemsikia. Nilisimama njiani chini ya nyumba yao nikijifanya nafunga kuni, nikamsikia analia, nikajua mapafu ni ya kwetu.

Sukari imefika. Sabuni imefika, inanuka kama afisa. Nimeifulia.

Sasa nisikilize, na umsomee na Anito, maana naona huko Dili amekuwa wakili. Nilimwuliza Dona Natércia hilo ulilosema. Akanijibu, "Bibi, maneno ya jamvini hayapandi pikipiki yangu." Yeye haruhusiwi kwenda kuyasimulia mahakamani, na atawaambia hivyo wote kabla hamjafungua mdomo. Kinachoandikwa ni mapatano peke yake, yale ambayo kila upande umesema ndiyo. Yanasomwa kwa lugha yetu, si kwa Kireno cha mahakamani, kisha mnatia kidole. Msipopatana hakuna kinachoandikwa. Nikamwambia, "Basi kazi yako ni nyepesi." Akasema, "Siku hizo ndizo nzito."

Na eti nikunje jamvi kama halikutandikwa. Ulizaliwa wapi wewe, hotelini? Kunja wewe. Njoo ukunje kwa mikono yako mbele ya nyumba ya ukoo, tuone kama vidole vitakutii.

Yule mtoto yuko ndani, gizani, na ataendelea kuwa ndani. Nyumba yetu ndiyo inayopaswa kwenda kumwosha macho, na mjomba ndiye anayebeba maji. Huyo ni wewe, hakuna mwingine. Kaka wa Lucília ni mmoja. Bila kuoshwa macho hatolewi nje, hapewi jina mbele za watu, haoni jua. Mama mkwe wake, Dona Agripina, alisema kanisani siku ya Krismasi, mshumaa mkononi, kwa sauti ya kunifikia: "Mkono uliorusha jiwe hautaosha macho ya mtoto wetu." Watu wakageuka. Mimi nikaendelea kuimba. Lakini nilikosea maneno ya wimbo, na hilo halijawahi kunitokea.

Hata hivyo Marito amekubali kuketi. Sikumwendea mimi, Dona Natércia ndiye aliyekwenda, kwanza kwao peke yao, kisha kwangu peke yangu, kama mtu anayepima joto la maji kwa kila mkono. Mara ya kwanza walimkatalia wakamfungulia mbwa. Akarudi. Mara ya pili Marito mwenyewe akatoka akasema atakaa, ila hataki nguruwe wetu, hataki nguo ya kufuma, hataki fidia ya aina yoyote. Anataka kukuuliza swali moja tu: jiwe lilikuwa la nani?

Nilikutana naye kisimani nikampa jibu lako. Nikamwambia, "Lilikuwa la nyati. Ameniandikia mwenyewe."

Akasema, "Sikukuuliza wewe, Bibi. Aje aniambie akinitazama." Na alipokuwa ananiambia hivyo aligeuza kichwa chote, kama kuku.

Haya. Amesema atakaa. Pasaka yako mbali. Njoo.

Bibi yako,
Olandina


Dili, 20 Januari 2012

Bibi,

Heri ya mwaka mpya. Nimefurahi kusikia habari za mtoto. Anafanana na nani?

Nimeongea na Tomé. Alikuwa anashusha magunia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa jamaa yako wa jicho moja anaendeleaje?" Nikamwuliza jicho moja vipi. Akanitazama kama mtu aliyekanyaga mkia wa mbwa. Akasema, "Kumbe hujui."

Uliniandikia linapona.

Alikuwa hapa, Bibi. Walimleta hospitali hapa Dili, mwezi wa kumi na moja, mimi nikiwa nafyatua matofali mwendo mfupi tu kutoka hapo. Daktari aliwaambia jicho limekufa. Kijiji kizima kinajua, mpaka Tomé, mpaka mbwa asiyekunywa kahawa, na mimi ndiye niliyeandikiwa linapona. Ulikuwa unanivuta nyumbani kama nguruwe anayeonyeshwa ndizi.

Anito ana rafiki anayefanya kazi ya kuandika karatasi za watu za kesi. Nimemwuliza bila kutaja jina. Amesema jicho likifa, na aliyerusha alimlenga mtu, basi kesi si ya Marito tena. Ni ya serikali. Marito akisamehe, akilia, akinikumbatia, mwendesha mashtaka atanichukua vilevile. Lakini kama lilikuwa jiwe la nyati, kama ni bahati mbaya tu, hapo neno linabaki la Marito, na akilirudisha, imekwisha.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayejua kila kitu. Unataka nije? Basi niandikie. Niandikie kwa mkono wako: "Njoo useme nyati." Maneno matatu tu. Nikiyapata, nitapanda lori siku hiyohiyo, nitakaa kwenye jamvi lako, nitasema nyati, mtoto ataoshwa macho, na wewe utalikunja jamvi ulale.

Zeferino


Hatulete, 11 Februari 2012

Zeferino,

Barua yako imechelewa. Mlima umeporomoka njiani baada ya Maubisse, malori yamelala pale siku nyingi, na barua ilikuwa chini ya kiti cha Tomé pamoja na samaki wakavu. Nimeisoma ikinuka. Ilistahili.

Mtoto anafanana na marehemu mama yako, ndivyo Lucília alivyoniambia kupitia dirishani. Mahindi yaliyobaki yanakomaa. Mzee Maukoli ana kikohozi kibaya, na bado anatafuna tambuu katikati ya kukohoa.

Ndiyo, nilikuficha. Nilikulea tangu wazazi wako walipozikwa, najua miguu yako inavyofikiri. Nilijua ukilisikia lile jicho, hata hilo shati la Jumapili ungelivaa uende nalo mpaka ng'ambo. Ningefanya nini? Ningekusifia hewa ya mlimani?

Lakini nimepata aibu yangu, na aliyenipa ni yule msichana. Alikuja kupanga siku. Nikamwambia mjukuu wangu anakaribia kuja, hajui mambo ya jicho, tumwache hivyohivyo mpaka aketi. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Bibi, aliyeletwa kwa kufichwa hajaja kwa kupenda. Mimi hapo siketi."

Nikamwambia, "Jikoni kwangu unanifokea?"

"Nakueleza tu, Bibi. Ukitaka kufokewa nitavua kofia kwanza."

Akakataa kupanga siku mpaka nikuandikie kweli yote. Akakaa palepale akanitazama nikitafuta kalamu. Basi barua yako ya hasira ikafika na mimi nilikuwa nimeshaanza hii. Usidhani umenilazimisha wewe.

Kweli yote ni hii. Jicho lake la kushoto limekufa. Rafiki wa Anito amesema sawa, nimemwuliza Natércia naye akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Kama jiwe lilikuwa la Marito, jamvi haliwezi kuizuia mahakama. Linaweza kumaliza mambo ya ua, linaweza kufungua njia kati ya nyumba hizi mbili, linaweza kumtoa yule mtoto nje. Na hakimu ataambiwa kwamba mlikaa mkapatana, na pengine ataliweka hilo kwenye mizani, pengine hataliweka. Nilimbana aniahidi. Hakuniahidi chochote. "Nikikuahidi, Bibi, nitakuwa nauza." Kama jiwe lilikuwa la nyati, Marito amesema atarudisha neno lake polisi siku hiyohiyo, na utakuwa huru kama kuku wangu.

Nikamwuliza, "Na akisema nyati kumbe si nyati?"

Akasema, "Siandiki mapatano ninayojua ni ya uongo. Lakini mimi sikuwapo, na sina macho ya kuona ndani ya jiwe. Aliyekuwapo ni yeye na Marito."

Na nyati, nikakumbuka. Lakini nyati hasemi.

Mimi nilikuwa jikoni. Sikuona kitu ila moshi. Sijui, na sikuulizi.

Unataka nikuandikie maneno matatu. Sikuandikii. Nikikuandikia "njoo useme nyati", nitakuwa mimi niliyesema, na wewe umebeba tu, kama Tomé. Nikikuandikia useme lingine, ni vilevile. Nimekufulia nguo, nimekutafunia chakula ulipokuwa huna meno. Hili sikutafunii.

Jambo moja zaidi, kisha nimalize, taa inazimika. Wiki iliyopita Marito alikuja na mianzi begani. Hakusalimu, hakubisha hodi. Akaanza kuujenga ua wetu pale nyati alipopita. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Anapiga msumari anakosea, anapiga kidole. Anapapasa mwanzi kwanza, ndipo anapiga. Nikamwambia, "Acha, jamvi halijakaliwa bado."

Akasema, "Ua ni kosa langu, Bibi. Hili halingoji jamvi."

Nikampa kahawa. Akainywa yote.

Olandina


Dili, 3 Machi 2012

Bibi,

Naubusu mkono wako. Natumaini kikohozi cha Mzee Maukoli kimepungua. Anito amehamia kazi nyingine. Mimi niko palepale.

Nyati alikuwa ameshavuka mto.

Nilipofika kwa Marito nilimkuta peke yake, nyati yuko ng'ambo tayari, anakula majani. Nikamwambia mahindi yetu yamekwisha. Akacheka. Si kicheko kikubwa. Akasema, "Mahindi ya yatima hayakui hata usipoyakanyaga." Kisha akageuka kwenda zake, kama mtu aliyesema habari za mvua. Nikamwita jina. Akageuka tena. Akageuka anitazame, Bibi, na ndipo nikarusha.

Nililenga kifua. Likapanda.

Nimeandika "nyati" mara nyingi sana kichwani mpaka siku nyingine namwona kabisa nyuma yake, na mapembe. Kisha naamka na namwona ng'ambo ya mto.

Naogopa jela. Lakini nimejiuliza kwa nini sikuja wakati ule ulipoandika linapona, wakati hakukuwa na jela. Naogopa kumtazama. Hilo ndilo tangu mwanzo.

Choma barua hii. Nifanyeje?

Zeferino


Hatulete, 12 Machi 2012

Zeferino, mjukuu wangu,

Nimeisoma mara moja, nikaitia kati ya mafiga, nikaitazama mpaka ikawa majivu. Sikuichoma ili kukuficha, hayo tumeyamaliza. Nimeichoma kwa sababu umekosea anwani. Mimi macho yangu yote mawili yapo.

Sikusikia hadithi ya yatima kwa mtu mwingine yeyote. Marito hajamwambia mtu alichokuwa anacheka, si polisi, si mama yake, si Dona Natércia. Maana yake naye analo la kulitoa pale, na hatalitoa mbele ya mtu anayemwambia habari za nyati. Nilipolisoma lile neno lake nilitaka kupanda kwao na mwiko wangu mkononi. Nimekaa. Nimekaa mpaka moto ukafifia. Ukitaka kujua Bibi yako anakupenda kiasi gani, ni hicho: sikupanda.

Lakini nisikie vizuri. Neno lake halikuondolei deni la jicho. La kwake litapimwa kwa kipimo chake, la kwako kwa cha kwako. Usiende ukayaweka kwenye sahani moja.

Dona Natércia amekuja jana. Sikumwambia kitu. Nilimwambia tu kwamba mjukuu wangu sasa anajua yote na huenda akaja. Akaniuliza, "Kwa kupenda?" Nikamwambia, "Kwa kuogopa." Akasema kuogopa kunaruhusiwa. Amepanga Jumamosi baada ya misa, Marito amekubali, Maukoli amekubali akikohoa. Nyumba ya akina Marito watakuja watu wanne, na sisi wanne, ili asiwepo anayehesabu vichwa. Dona Agripina amesema atakuja pia, na hajasema zaidi. Lakini Lucília ameniambia dirishani kwamba jana mama mkwe wake alikisafisha kile chungu cha maji ya kuoshea macho, akakigeuza juani kikauke. Hakumwambia mtu ni kwa nini. Usijenge nyumba juu ya chungu. Nakwambia tu kimesafishwa.

Inawezekana ukisema, Marito atainuka aende zake. Ni ruhusa yake, na hakuna wa kumshika shati. Inawezekana mtapatana na bado polisi watakuja baada ya wiki. Wakija, utakwenda nao ukitembea, nami nitakwenda na wewe mpaka barabarani, na siku ya mahakama nitapanda lori la Tomé na samaki wake nije nikae benchi la mbele, nimtazame huyo hakimu. Jela ina mlango, Zeferino. Watu huingia na hutoka. Lile jamvi limelala wazi tangu mahindi yalipokuwa kidole, na sasa tunavuna, na kila nikipita pale naona mahali pako pasipo na mtu.

Kwa hiyo fanya hivi. Ijumaa panda lori. Usishukie njia panda kama mwizi wa kuku. Shukia kanisani, watu wakuone. Shati la Jumapili livae, ulilikimbiza Dili, sasa lirudi. Usilete sukari, usilete zawadi ya mtu yeyote, asije mtu akadhani tunanunua. Mzee Maukoli atafungua maneno, yeye na kikohozi chake, na tambuu itazunguka. Tafuna hata kama huitaki. Dona Natércia ataeleza masharti yake; msikilize mpaka mwisho. Ukipewa nafasi, usianze na ua, usianze na mahindi, usianze na mimi. Jibu swali aliloliuliza, kisha funga mdomo, ngoja, hata kama ni mpaka jioni.

Na usikae mbele yake, wala kushoto kwake. Kaa kulia kwake, karibu. Jicho lililobaki liko upande huo.

Bibi yako,
Olandina